Giaboksi Isishushwe Kabla ya Kupimwa

Kutoka stendi ya Msamvu mjini Morogoro, ukifuata Barabara ya Dodoma kuingia Kihonda, gereji hazikosekani. Chache zina geti na kibao. Nyingi ni kivuli cha mti, mashine ya kuchomelea, na udongo ulioiva kwa oili ya miaka mingi. Barabara hiyo inapitisha magari yanayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Singida na Mwanza, na mara kwa mara gari la oto hufika hapo likiwa limegoma: taa ya injini inawaka njano kwenye dashibodi, giaboksi imeng'ang'ania gia moja, dereva akikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari linajikokota.

Mashine ya kupimia inachomekwa chini ya usukani. Baada ya dakika chache inatoa namba, tuseme P0840 au P0845. Hapo, katika gereji nyingi, uchunguzi unakuwa umekwisha. "Bosi, giaboksi imekufa, tutafute nyingine mtumba." Fundi mwenye huruma zaidi atasema ni sensa tu, iagizwe Dar. Wote wawili wanaweza kuwa wamepatia, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, lakini mwenye gari atalipa kwa vyovyote vile. Namba ile haikusema giaboksi imekufa. Wala haikusema sensa imekufa. Ilichosema ni kwamba kompyuta ya giaboksi haiamini taarifa inayoletwa na njia ya umeme ya sensa ya presha ya oili. Kwa nini haiiamini, hilo ndilo swali ambalo fundi anapaswa kulijibu, na kulijibu kunahitaji muda, vifaa na akili.

Kupima hitilafu ni kazi kamili na inapaswa kulipwa kama kazi. Mpaka wenye magari wakubali kuilipia, na mafundi wakubali kuifanya hadi mwisho, giaboksi nzima zitaendelea kupasuliwa bure, na mbovu zitaendelea kurudishwa barabarani zikiwa na sensa mpya.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili inafaa kujua sensa yenyewe inalinda nini. Gari la oto halina klachi ya kukanyaga kwa mguu. Kazi ya mguu inafanywa na oili. Pampu iliyomo ndani ya giaboksi huzungushwa na injini na kusukuma oili kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi. Solenoidi zinazoamriwa na kompyuta hufungua na kufunga vijia hivyo, na oili yenye presha huzibana sahani za klachi mpaka gia ishike. Presha ikipungua sahani zinateleza, zikiteleza zinaungua, na zikiungua zinaacha unga mweusi unaokwenda kuziba filta na vijia vilevile ambavyo oili inavitegemea. Ubovu wa presha hujizalisha wenyewe.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban baa 2. Ndani ya giaboksi ya oto ya kawaida, gari likiwa limesimama kwenye D na injini iko silensa, presha ya oili ni kama baa 4, na mafuta yakikanyagwa huku breki imeshikwa inaweza kupita baa 10. Kwenye giaboksi za CVT mambo ni makubwa zaidi. Hizo hazina gia za kuhesabika. Zina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, na puli hizo hubanwa na oili kwa presha inayoweza kufika baa 50 na zaidi. Mkanda ukiteleza, hata kwa muda mfupi, unaukwaruza uso wa puli, na chuma kilichokwaruzika hakiponi kwa kubadilishiwa oili.

Kwa hiyo watengenezaji waliweka jicho. Katika magari mengine jicho hilo ni swichi tu: presha ikifika kiwango fulani inafunga njia ya umeme, ikishuka inafungua. Honda nyingi za oto zina swichi za namna hiyo kwa klachi za gia mbalimbali, tena zimefungwa kwa nje, kiasi kwamba fundi anaweza kuzifikia kwa spana bila kufungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Katika magari mengine, Nissan X-Trail ya CVT ikiwa mfano unaoonekana sana Morogoro, kuna sensa zinazopima presha mfululizo. Zinapewa umeme wa volti 5, na kadiri presha inavyopanda ndivyo volti zinazorudi kwenye kompyuta zinavyopanda, kwa kawaida kati ya nusu volti na volti 4.5. Sensa za X-Trail hiyo zimekaa ndani, kwenye valvu bodi, zimezama kwenye oili. Kuzifikia ni lazima oili imwagwe na sampo ifunguliwe.

Tofauti hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu apime kwanza. Swichi ya nje ikibadilishwa kwa kubahatisha, hasara ni ndogo. Sensa ya ndani ikibadilishwa kwa kubahatisha, mwenye gari amenunua sensa, oili mpya ya CVT, gasketi na siku nzima ya fundi, halafu taa inawaka tena kabla hajafika Mkundi.

Namba zenyewe zinasema mengi kuliko zinavyosomwa. Mpangilio wake ni wa kimataifa; Marekani ililazimisha magari madogo mapya kuwa na mfumo huu kuanzia mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Herufi P ni ya injini na giaboksi. Sifuri inayofuata ina maana namba hiyo inatumiwa na watengenezaji wote. Nane inayofuata inaelekeza kwenye giaboksi. P0840 ni hitilafu ya jumla kwenye njia ya umeme ya sensa au swichi ya kwanza ya presha. P0841 ni sensa inayotoa taarifa zisizolingana na hali ya gari. P0842 ni umeme ulio chini mno, P0843 ni umeme uliozidi, na P0844 ni umeme unaokuja na kukatika. Kuanzia P0845 hadi P0849 mpangilio ni uleule kwa sensa ya pili. Fundi anayeambiwa P0844 na kukimbilia kununua sensa amepuuza dokezo kubwa aliloletewa bure: kitu kinachokuja na kukatika mara nyingi ni waya unaolegea au plagi isiyoshika.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo hufutwa kabla ya kusomwa. Hitilafu inapotokea, kompyuta huhifadhi hali ya gari ya wakati huo: mwendo, mzunguko wa injini, joto. Hitilafu iliyojitokeza injini ikiwa baridi, dakika ya kwanza baada ya kuwasha gari asubuhi, ina chanzo tofauti na ile iliyojitokeza gari likiwa limepanda mlima kwa saa nzima. Mafundi wengi huanza kwa kufuta namba "ili tuone kama itarudi". Ikifutwa, kumbukumbu hiyo nayo imekwenda. Picha ya kioo cha mashine ipigwe kwa simu kabla ya kitufe chochote kubonyezwa. Simu anayo kila mtu.

Baada ya hapo kinachofuata ni oili, na oili ndiyo inayostahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo magari ya Morogoro yanapoharibiwa na wenyewe.

Imani kwamba oili ya giaboksi ni nyekundu na nyekundu zote ni moja imeua giaboksi nyingi. Toyota ina oili ya T-IV na ina WS. Nissan ina NS-2 kwa CVT zake za zamani na NS-3 kwa zilizofuata. Honda ilitengeneza oili ya HMMF kwa CVT za Fit za kwanza, na baadaye ikaja na nyingine. Tofauti hizo haziko kwenye kibandiko tu. Mkanda wa chuma wa CVT unahitaji oili inayoufanya uishike puli. Ukiwekewa oili ya giaboksi ya kawaida unateleza. Utelezi huo kompyuta inauona, presha inayumba, namba inaandikwa, na sensa inashutumiwa kwa kosa la dumu la oili.

Kiwango nacho hupimwa vibaya. Oili ya giaboksi hutanuka ikipata moto, kwa hiyo kupima gari likiwa limelala usiku kucha ni kujidanganya. Nissan inataka oili ya CVT zake zenye kijiti cha kupimia ipimwe ikiwa na joto la nyuzi 50 hadi 80, injini ikiunguruma. Magari mengi ya Toyota ya baadaye hayana kijiti kabisa. Kuna kizibo chini, na oili inayochuruzika kidogo ikiwa na joto maalumu ndiyo ushahidi kwamba imetosha. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, inapigwapigwa na vyuma vinavyozunguka mpaka inatoa povu, na povu halijengi presha. Katika hali zote mbili sensa inasema kweli tupu: presha haipo. Anayeibadilisha anamfukuza shahidi.

Joto la Morogoro na milima yake linaharakisha yote hayo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban meta 500. Gari linalotoka Kihonda, likapita Mzumbe na kupanda Uluguru kwenda Langali na Nyandira, huko Mgeta, linaongeza zaidi ya meta 1,000 kwenye barabara ya kona na mawe, mara nyingi likiwa limejaza watu na mizigo, na kurudi na viazi, kabichi na karoti za Mgeta. Mwendo ni mdogo, nguvu ni kubwa, upepo wa kupoza rejeta ni haba. Kwa kanuni inayotumiwa na watu wa vilainishi, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 hivi juu ya kiwango cha kawaida, maisha ya oili hupungua kwa karibu nusu. Oili inayopaswa kudumu kilometa nyingi Tokyo haiwezi kudumu hizo hizo kwenye mlima wa Mgeta. Kompyuta za Nissan za CVT zinalijua hilo: zinaweka hesabu ya kuchoka kwa oili kutokana na joto, na hesabu ikipita 210,000 kiwanda kinaelekeza oili ibadilishwe. Hesabu hiyo si kilometa, na haionekani kwenye dashibodi. Inasomwa kwa mashine, na kuisoma hakuhitaji hata boliti moja kufunguliwa. Ni magari mangapi yaliyoingia gereji za Kihonda yaliwahi kusomewa hesabu hiyo?

Oili ikishathibitishwa, zamu ni ya waya. Magari yanayopita njia za vumbi na matope hupata maji kwenye plagi. Kuosha injini kwa maji ya nguvu, kama inavyofanywa kwenye vituo vingi vya kuoshea magari, huyaingiza mpaka ndani. Panya nao hutafuna waya kwenye magari yanayolala nje. Plagi kubwa ya giaboksi ifunguliwe na kutazamwa: kama pini zina kutu ya kijani, kama kuna oili iliyopanda ndani yake, kama kuna pini iliyorudi nyuma. Kisha mita ya umeme. Volti 5 zinafika? Waya wa hasi uko mzima? Betri yenyewe ina hali gani? Betri iliyochoka huleta hitilafu za ajabu kwenye kompyuta, na kati ya vipimo vya umeme ianze kupimwa hiyo kwa sababu ni rahisi kuliko vyote.

Kuna jaribio moja ambalo kila fundi wa umeme wa magari analiweza. Namba ikiwa inasema umeme uko chini, plagi ya sensa ichomolewe na mashine isomwe tena. Taarifa ikibadilika na kwenda upande wa pili, waya na kompyuta vinafanya kazi, na shaka inahamia kwenye sensa. Isipobadilika, sensa inaondolewa shaka kwa sasa na waya ndio unaofuatwa, inchi kwa inchi. Katika gari lingine mwelekeo unaweza kuwa kinyume, kulingana na jinsi kiwanda kilivyounganisha, ndiyo maana mchoro wa umeme wa gari husika unahitajika. Jaribio lenyewe ni la dakika chache, na mara nyingi linatosha kuokoa gharama ya sensa.

Baada ya hayo yote ndipo linapokuja swali ambalo mashine ya kompyuta haiwezi kulijibu peke yake: presha halisi ni ngapi? Mashine inaonyesha kile sensa inachosema. Kama sensa inadanganya, mashine nayo inarudia uongo. Dawa yake ni geji ya presha, ile ya mshale na bomba, inayofungwa kwenye tundu maalumu la giaboksi ambalo viwanda vingi vimeliacha kwa kazi hiyo hiyo. Geji ikisema baa 4 na sensa ikasema sifuri, sensa ni mbovu, na hapo inunuliwe bila wasiwasi. Geji na sensa zikikubaliana kwamba presha iko chini, sensa ni nzima; tatizo ni filta, pampu, solenoidi au valvu bodi, na sensa mpya ingekuwa fedha iliyotupwa. Geji hiyo haina umeme wala programu, na mafundi waliokuwa wakishughulikia giaboksi kabla ya enzi za kompyuta waliitegemea. Leo gereji yenye mashine ya kompyuta na isiyo na geji ni jambo la kawaida. Hilo ni pengo la kusikitisha.

Si haki, hata hivyo, kumtwisha fundi mzigo wote.

Fundi wa Kihonda anaishi kwa sheria za soko ambazo hakuzitunga. Akitumia saa tatu kufuatilia waya, akakuta pini moja imeota kutu, akaisafisha na gari likapona, mteja atamuuliza: "Sasa nikulipe nini, fundi, na hujaweka spea yoyote?" Akishusha giaboksi nzima na kupandisha nyingine, atalipwa ya kushusha na ya kupandisha bila ubishi, na huenda dukani akapewa cha juu kidogo. Mteja ameona kitu kizito kikitoka na kizito kikiingia, anaridhika. Mfumo wa malipo unampa thawabu anayebahatisha na kumwadhibu anayetafuta. Mtanzania huyohuyo hospitalini hulipia kipimo cha malaria, na majibu yakitoka kwamba hana malaria hadai kurudishiwa fedha, kwa sababu anajua amenunua uhakika. Gereji nayo inauza uhakika, ila bado haijaweka bei yake ukutani.

Ianze hapo. Gereji itangaze bei ya kupima, mbali na bei ya kutengeneza. Mteja aliyelipa apewe karatasi, hata ya daftari, yenye namba zilizokutwa, joto la oili, volti zilizopimwa na presha iliyosomwa kwenye geji. Karatasi hiyo inamlinda mteja, maana anaweza kuipeleka gereji nyingine. Inamlinda na fundi pia. Wiki mbili baadaye mteja akirudi analalamika, fundi anayo ya kuonyesha.

Watakaopinga watasema mteja wa Kihonda hana fedha za ziada. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli kwamba familia nyingi zinatunza gari kwa taabu. Lakini asiye na fedha ndiye asiyeweza kununua giaboksi mbili. Na giaboksi ya mtumba haina uhakika wowote ule: haijulikani imetembea kiasi gani, wala iliwekewa oili gani. Kwa CVT za Nissan kuna jambo jingine. Kila giaboksi ina takwimu zake za kiwandani zilizohifadhiwa kwenye kifaa kilichomo ndani ya giaboksi, na kompyuta ya gari hufanya kazi kwa kuzifuata. Giaboksi ikibadilishwa, kompyuta lazima ifutiwe takwimu za zamani ili isome mpya. Hatua hiyo ikirukwa gari linaweza kushtuka na kutetemeka, na mwenye gari akaaminishwa kwamba giaboksi ya pili nayo ni mbovu.

Marekani, malalamiko ya CVT yalipozidi, Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi hizo kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Mnunuzi wa huko alikuwa na kampuni ya kumbana. Anayenunua X-Trail iliyotumika Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam na kuvuka Mto Ruvu kuja Morogoro, hana dhamana ya kiwanda. Dhamana yake ni fundi. Kenya ilichagua kuzuia magari yaliyozidi miaka 8 yasiingie nchini. Tanzania haikuweka marufuku hiyo, ila inayatoza magari yaliyozeeka ushuru zaidi. Uamuzi huo umewapa watu wa kipato cha kati nafasi ya kumiliki gari, na ni jambo jema. Lakini nchi inayokaribisha magari ya miaka kumi na tano yenye kompyuta kadhaa ndani yake inapaswa kuwekeza kwa watu watakaoyatibu.

Kwa hili, Kihonda ina bahati ambayo kata nyingi hazina. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo hapohapo Kihonda, kinachojulikana kwa mafunzo ya udereva na ufundi wa magari. Mjini humohumo Morogoro kipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, kinachowaandaa walimu wanaokwenda kufundisha vyuo vya ufundi nchi nzima. Kinachofundishwa Morogoro leo kinafika Songea na Bukoba kesho kupitia walimu hao. Mwalimu akiondoka na mazoea ya kusoma presha kwa geji kabla ya kuagiza spea, mazoea hayo yatasambaa. Akiondoka akijua kubadilisha tu, hilo nalo litasambaa.

Upo pia mpango wa Serikali wa kurasimisha ujuzi, ambamo VETA huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani bila kupita darasani. Ni mpango wenye heshima, kwa sababu unakiri kwamba mtu aliyekaa chini ya magari miaka ishirini anajua kitu. Upungufu wake ni kwamba cheti kinathibitisha anachokijua tayari, na fundi aliyejifunza kwa Peugeot 504 na Land Rover ya manyuo hakupata nafasi ya kujifunza sensa za CVT. Anachohitaji ni kozi fupi za jioni, baada ya saa za gereji, zikiwa na giaboksi iliyokatwa ubavu aone oili inavyopita, mita ya umeme, geji, na michoro ya umeme iliyoelezwa kwa Kiswahili. Chuo cha Kihonda kinaweza kuanza na wiki chache tu za giaboksi za oto, kwa ada ambayo fundi anaimudu. Na geji za presha ambazo gereji ndogo haiwezi kununua peke yake zinaweza kununuliwa na mafundi watano au sita kwa ushirika, zikazunguka, kama wanavyoazimana winchi na jeki kubwa tangu zamani.

Mafundi wakuu nao wana wajibu kwa vijana wao. Kijana anayejifunza gereji hutumwa kufungua na kufunga. Ni nadra kuketishwa mbele ya mashine akaulizwa kwa nini namba hii imekuja na si ile. Huyo ndiye atakayekuwa fundi wa mwaka 2040, wakati magari yatakapokuwa na sensa nyingi zaidi. Akikua bila kuulizwa swali hilo, atakuwa mtu wa kubadilisha vitu.

Mwenye gari naye asikabidhi funguo na kuondoka. Aulize oili iliyowekwa ni ya aina gani na aone dumu lake. Akiambiwa sensa imekufa, aulize imepimwaje. Akiambiwa giaboksi imekufa, aombe kuona kilichokutwa kwenye sampo: unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole ni habari nyingine. Na asilipe kwa sababu taa imezimika. Taa hufutwa kwa kitufe, na baadhi ya hitilafu haziiwashi mpaka zijirudie safari ya pili.

Gari liendeshwe kwanza, fundi na mwenye gari wakiwa wote ndani, kutoka Kihonda kufuata Barabara ya Dodoma mpaka oili ipate moto wake wa kazi, mwendo upande na kushuka mara kadhaa, gari lizimwe, liwashwe, kisha lirudi. Pakiwa na nafasi ya wazi na breki zikiwa nzima, fundi ashike breki, aweke D, akanyage mafuta kwa muda usiozidi sekunde 5, na mwenye gari aitazame presha ikipanda kwenye kioo cha mashine. Ikipanda inavyotakiwa, na kwenye orodha ya hitilafu zinazosubiri kusipokuwa na namba yoyote, hapo fundi alipwe chake, pamoja na zile saa tatu alizotumia kufuata waya.